Mizania ya Boma la Masele

Mwalimu Cornel alikuwa na kawaida ya kuwageuza wanafunzi wake kuwa vitu. Mmoja alikuwa Pamba, mwingine Plau, mwingine Mizani. Valerian, kwa sababu ya mashavu yake manene na kicheko chake kisichofungika, siku zote alikuwa Sanduku la Fedha. Walisukuma madawati ukutani, wakasimama katikati ya lile ghala la zamani la pamba pale Shinyanga mjini, jirani na reli. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa na kuitwa chuo, lakini jua likipanda nyuzi za pamba zilizobaki kwenye mapaa zilianza kudondoka, zikatua kwenye vichwa vya watu kama mvi.

"Jilala, leo wewe ni nani?"

"Mimi ni Pamba, Mwalimu."

"Umetoka wapi?"

"Kishapu."

Darasa zima lilicheka, na Valerian akacheka kuliko wote.

"Sanduku, nyamaza, utamwaga fedha za watu," Mwalimu Cornel alisema. "Jilala, sikuulizi kwenu. Wewe pamba hukudondoka kutoka mbinguni. Nani alikutoa?"

"Mkulima, Mwalimu."

"Yuko wapi huyo mkulima? Simwoni. Ghala limekupokea, sawa, limeandikwa upande wa kushoto. Na aliyekutoa je? Umemwacha njiani?"

Hapo ndipo Jilala alipokuwa akikwama. Upande wa kushoto, wa anayepokea, aliuelewa tangu siku ya kwanza. Kitu kimeingia, kinaonekana, kinashikika. Upande wa kulia, wa anayetoa, ulimpa shida miezi miwili mizima. Aliandika kwamba chama kimepata plau jipya, halafu akaiacha kalamu hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Urari wake, ile hesabu ya kulinganisha pande mbili, ulikataa kukaa sawa. Alikuwa kijana mrefu mwenye shingo nyembamba, mwana wa Masele, na watu wa kwao walikuwa wamemchagua wao wenyewe aje asome. Huo ulikuwa mwaka wa 1954. Wakulima wa pamba walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaanza kuunda vyama vyao, na kila chama kilihitaji karani wake, mtu wa pale pale, anayejua nani ni mtoto wa nani.

Siku moja alikuwa anafua shati lake kwenye bomba nyuma ya ghala, upande wa pili ukamfungukia. Alilitazama lile shati akaliona limeandikwa kushoto. Kulia akamwona mama yake anamenya karanga, viganja vyekundu, msimu mzima, ili lipatikane. Akaendelea. Soli za viatu, kulia kaka wa mama yake. Kusoma kwake kote misheni, kulia dume mmoja mwenye pembe zilizopinda ambaye aliuzwa mnadani Mhunze na baba yake hakumtaja tena. Alisimama pale maji yakimwagika, hata mpishi wa chuo akamfokea kwamba bomba si la babu yake.

Tangu siku ile urari wake ulikaa. Vijana wa sasa husoma hesabu ili wajue watachukua nini. Jilala alisoma akajua amepewa nini, na kwa muda alitembea mjini akiwa mwepesi wa machozi, jambo lililompa Valerian kazi ya kumtania.

"Unalia nini sasa?"

"Silii. Vumbi."

"Upande gani, wa kushoto au wa kulia?"

Ilipofika likizo ya kiangazi, Mwalimu Cornel aliwapa kazi ya kwenda nayo makwao. Kila mmoja alete mizania ya kaya ya baba yake. Kushoto iandikwe mali yote iliyopo. Kulia iandikwe ilikotoka, ile ambayo ni ya kaya yenyewe na ile ambayo ni ya watu wengine.

"Na cha watu," alisema, akigonga meza kwa kifundo cha kidole, "mwenyewe athibitishe idadi kwa mkono wake. Sahihi, au dole gumba. Deni ambalo mwenyewe hajalithibitisha si hesabu, ni umbeya."

Valerian alinyoosha mkono. "Mwalimu, baba yangu anachimba dhahabu ya Mzungu kule Geita. Kwetu kushoto kuna suruali moja. Kulia kuna fundi cherehani, na ana hasira."

"Basi kamwombe dole gumba kabla hajalikunja ngumi," Mwalimu Cornel alijibu. Naye alikuwa mtu wa utani, mwenyeji wa Biharamulo, na hakuwa na ubaya wowote. Lililotokea baadaye halikuwa kosa lake. Hakuna aliyemwambia mambo ya Kishapu yalivyo.

*

Jilala alipanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, akashuka Mhunze, akatembea. Nchi ilikuwa imekauka mpaka ardhi nyeusi imepasuka, lakini ngitili za watu, yale malisho yaliyotengwa na kulindwa kwa ajili ya kiangazi, zilikuwa bado zina majani ya rangi ya dhahabu, na hakuna aliyeingiza ng'ombe humo kabla ya wakati wake. Siku hizo ngitili haikuhitaji waya. Ilitosha watu kujua.

Mama yake alimpokea mlangoni, akamshika uso kwa mikono miwili kama anayepima kibuyu. "Wamekukondesha hao."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa ule."

Baba yake, Masele, alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kikopo cha ugoro kiunoni na macho yaliyozoea kutazama mbali. Alimuuliza kama amefika salama, akamuuliza mvua ya mjini, kisha akamwonyesha ng'ombe waliokuwa wanaingia bomani kwa mlango wa uzio wa minyaa. Aliwaonyesha kwa kidevu tu. Huko ndiko kulikuwa kumkaribisha mtoto.

Kesho yake Jilala alianza kazi. Aliandika majembe, plau, ghala la mtama, michembe ya viazi iliyoanikwa, mbuzi, jiwe la kusagia. Mama yake alimfuatafuata akicheka. "Na mimi utaniandika upande gani?" Jilala alisema yeye angehitaji daftari lake peke yake, mama akampiga kwa kanga begani, na siku hiyo ilikuwa nzuri.

Kisha alifika kwenye ng'ombe.

Ng'ombe wengi katika boma lile hawakuwa wa Masele. Walikuwa wa Shilinde, rafiki yake, aliyekaa ng'ambo ya ngitili. Jilala alikijua kisa chake tangu utotoni. Maradhi ya ng'ombe yalikuwa yamepita, yakalisafisha boma la Masele lote, na Jilala alikuwa bado anabebwa mgongoni, analia njaa. Asubuhi moja Shilinde alitokea anaswaga majike, akasimama langoni. "Masele," alisema, "hawa wananisumbua. Boma langu limejaa. Nitunzie." Boma la Shilinde halikuwa limejaa. Nalo lilikuwa limepigwa na maradhi yale yale. Wote wawili walijua, na hakuna aliyesema. Masele alifungua lango akamjibu kwamba atajitahidi, ingawa ni kazi.

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Anayekupa alikuja kama mwenye shida, ili wewe unayepokea uwe ndiye unayemsaidia. Maziwa yalikuwa yako, samadi yako, na mara moja moja ndama. Mwenye ng'ombe alikuja kutembea tu, anasimama, anawatazama, anazungumza habari za mvua. Akifa mmoja ulimpelekea ngozi. Idadi haikutajwa. Kutaja idadi ya ng'ombe ni kuwaita macho mabaya, na miaka hiyo ilikuwa mibaya zaidi, kwa kuwa watu wa serikali nao walipita wakihesabu, na kila walipohesabu waliamuru mifugo ipunguzwe.

Kulikuwa na wakati mmoja tu ambapo idadi ilitajwa baina ya marafiki. Ikiwa mtunzaji amechoka na urafiki, hakugombana. Alikwenda kwa mwenye ng'ombe, au alimtuma mwanawe, na kwa sauti ya upole akauliza, "Ng'ombe wako kwetu ni wangapi?" Daima alitafuta kisingizio chepesi, kwamba malisho yamepungua, kwamba mgongo unauma. Mwenyewe alijibu kwa upole ule ule, na asubuhi yake akaja kuwachukua. Yakaisha.

Wachungaji wa rika la Jilala walijifunza hayo machungani, wakichoma viazi. Jilala alikuwa misheni wakati huo, anajifunza kugawanya.

Alivaa viatu, akachukua karatasi, penseli na kikopo kidogo cha wino alichopewa chuoni, akavuka ngitili kwenda kwa Shilinde.

*

Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba, anashona mshipi wa ngozi uliokatika. Mwanawe pekee, Athanas, alikuwa amekwenda machimboni Geita, na kazi zote za pale zilikuwa zimemrudia yeye.

"Mwadila, baba," Jilala alimsalimu, salamu ya mchana ya Kisukuma, akichuchumaa.

"Mwadila, ng'wanangu. Mbona viatu? Unakwenda barazani kushtakiwa?"

"Nimezoea mjini."

"Mjini wanavaa viatu wakiwa wamechuchumaa?" Mzee alicheka, akaita ndani, yakaletwa maziwa. "Kunywa. Masele hajambo?"

"Hajambo." Jilala alikunywa, akafuta mdomo, akakunjua karatasi juu ya goti. Moyo wake ulikuwa umejaa mapenzi. Alikuwa amekwisha kuliandika jina la Shilinde upande wa kulia kwa herufi kubwa nzuri, na alitamani mzee angeweza kulisoma. "Baba, ni kwa ajili ya kazi ya chuo tu. Nauliza, ng'ombe wako kwetu ni wangapi?"

Sindano ya Shilinde ilisimama.

Mzee hakumtazama. Aliupitisha ule uzi, akaukaza, akaukata kwa meno. Kazi ya chuo. Masele angalau alikuwa amemtafutia kisingizio kipya, cha kisasa. Kisha, kwa sauti ya chini sana, alitaja idadi. Jilala aliiandika. Alimwomba dole gumba, mzee akamnyooshea mkono wenye sugu, akamwachia auchovye kwenye wino kama anayemwachia mtu mkono unaouma.

"Mwambie baba yako nimesikia," Shilinde alisema.

"Nitamwambia. Asante, baba."

Jilala alirudi anapiga mluzi, na ule ujumbe akausahau njiani.

Asubuhi Shilinde alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Masele alitoka akitabasamu, kwa kuwa ilikuwa mapema na rafiki yake si mtu wa kutembea mapema.

"Karibu. Umekula?"

"Nimekula," Shilinde alisema.

Tangu walipokuwa vijana Shilinde hakuwahi kulijibu swali hilo hivyo katika boma lile, hata siku alizotoka kwake ameshiba alisema hajala. Tabasamu la Masele lilibaki usoni bila kazi.

"Nimekuja kukupunguzia mzigo," Shilinde aliendelea. "Umenitunzia vizuri. Sina neno."

Masele alimtazama kwa muda mrefu. Alingoja rafiki yake aongeze jambo, naye Shilinde alingoja vile vile. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyeamua, na kila mmoja alikuwa na adabu mno ya kuuliza sababu. Hatimaye Masele aliondoa miti ya lango. Ng'ombe walitoka mmoja mmoja. Jike mmoja mweupe mwenye masikio meusi, mzaliwa wa pale pale, aligoma. Akarudi ndani, akatolewa, akarudi tena, hata Shilinde akalazimika kumvuta kwa kamba, na wazee wawili wakasukumana na ng'ombe bila kutazamana.

Boma lilipobaki na ng'ombe wachache wa Masele, lilionekana kubwa kama uwanja wa mnada baada ya watu kuondoka.

Mama alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa mkononi. Akageuka polepole. "Jilala. Jana ulikwenda kwa Shilinde?"

"Nilikwenda."

"Ulimuuliza nini?"

Alipomwambia, mama aliketi chini pale pale penye samadi. Hakumfokea. Alimweleza desturi ile yote, neno kwa neno, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na kila neno lilimpata Jilala mahali pake. Alipomaliza alisema, "Nenda kamwambie baba yako."

Masele alisikiliza hadi mwisho, akinusa ugoro.

"Nitakimbia sasa hivi nimwambie nilikosea," Jilala alisema.

"Hutakwenda."

"Baba, ni kosa langu, hakujua..."

"Ukimwambia ulikosea, atasema sawa. Atakukaribisha maziwa. Lakini ndani ataamini kwamba nimeona vibuyu vikavu, nikakutuma kuomba." Akafunga kikopo. "Mimi sijawahi kumwomba Shilinde kitu. Ndiyo maana amenipa."

Kwa siku kadhaa hakuna aliyeimba katika kaya ile. Watoto wadogo walipewa uji bila maziwa wakautazama. Masele alikuwa akikaa mahali pake pa kila jioni, uso umeelekea ngitili, na ilipofika saa ambayo Shilinde alikuwa na kawaida ya kutokea, aliinuka akaingia ndani. Jilala alimwona. Hilo lilimuuma kuliko fimbo yoyote aliyochapwa misheni, kuona baba yake anauepuka wakati fulani wa siku. Maziwa yangeweza kupatikana kwingine. Rafiki wa namna ile, katika umri ule, hapatikani, na yeye ndiye aliyemwondoa kwa penseli.

Alikuwa amekatazwa kusema. Hakukatazwa kufanya kazi. Alivua viatu akavuka ngitili tena.

"Baba, Athanas yuko Geita," alimwambia Shilinde. "Nipe fimbo, nichunge hadi chuo kifunguliwe."

Mzee alimchunguza tangu kichwani mpaka miguuni. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba kwa kuwakimbiza ng'ombe waliorudi, maana yale maneno yake ya zamani sasa yalikuwa yamegeuka kweli, walikuwa wanamsumbua. Akampa fimbo.

Jilala alichunga. Alichomwa na miiba, akaunguzwa na jua, ngozi ya mjini ikambanduka. Jioni Shilinde alimkalisha karibu na kumpa ugali wa mtama, na taratibu mzee alianza kumuuliza habari za chuo, kama ni kweli wanalala kwenye ghala, kama ni kweli kuna mtu anaitwa Sanduku. Jina la Masele hakulitaja. Lakini kila siku, wakati wa kurudi kutoka kwenye visima vya mchangani mtoni, palipokuwa na njia panda, yule jike mweupe alisimama. Alitazama upande wa boma la Masele, akalia mlio mrefu. Na kila siku Jilala alikwenda mbele yake, akanyoosha fimbo, akamgeuza.

Alasiri moja hakumgeuza.

Alisimama nyuma, fimbo imelala begani, akamwachia aamue. Jike mweupe aligeuza sikio moja jeusi, kama anayeuliza. Kisha akashika njia ya kwao. Wenzake aliolelewa nao wakamfuata, na wale wengine wote wa Shilinde, kwa kuwa ng'ombe hawapendi kuachwa, wakafuata pia. Jilala akatembea kwenye vumbi lao.

Jua lilikuwa bado liko juu ya minyaa walipomiminika bomani mwa Masele. Waliingia hata wakabanana, wengine wakabaki nje wakilamba uzio. Mama alitoka, mkono mdomoni.

"Hawa ni wa nani?" Masele aliuliza.

"Ni wa baba Shilinde."

"Wote?"

"Wote."

"Nani amewaleta?"

"Yule mweupe."

"Na wewe mchungaji ulikuwa wapi?"

"Nyuma, baba."

Mdomo wa Masele ulicheza kidogo upande mmoja, kisha akaukaza. Kwa maana mtu alikuwa anakuja anachechemea kupitia ngitili, anahema, fimbo mkononi.

Shilinde alifika langoni akaliona boma lilivyofurika. Akamwona Masele amesimama katikati ya pembe, hawezi hata kugeuka. Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile.

"Mwadila," Masele alisema.

"Mwadila."

"Ng'ombe wako wamekuja kulala kwangu."

"Nimewaona."

"Nikuhesabie, ndipo uondoke nao?"

Ng'ombe mmoja alikojoa. Shilinde akainua fimbo, akamnyooshea rafiki yake kifuani kwa hasira iliyokuwa imekaa siku zote zile bila pa kwenda. "Thubutu, Masele! Thubutu kuhesabu hata mmoja, sitakanyaga hapa mpaka nife!"

"Kwani nani aliyeanza kuhesabu?"

"Si wewe uliyemtuma mtoto?"

"Mimi? Nimtume huyu? Huyu hata mbuzi simtumi!"

Mama ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kilichomtoka kama kikohozi. Jilala alipiga magoti kwenye samadi, akasema yote, chuo, kushoto na kulia, dole gumba, na jinsi alivyoliandika jina la Shilinde kwa herufi kubwa kwa kuwa alitaka ionekane wazi ni nani aliyemlisha akiwa mtoto.

Shilinde alimsikiliza, akijifuta jasho.

"Huyo mwalimu wako ana baba?"

"Nadhani anaye."

"Basi hajamaliza kumfundisha. Lete hiyo karatasi."

Jilala aliikimbilia. Mzee alimwomba amwonyeshe mahali idadi ilipokaa. Akatemea mate kidole gumba, kile kile, akaisugua namba hiyo kwa bidii, akasugua hadi karatasi ikatoboka na mwanga ukapita. Akaipuliza, akamrudishia. Kisha akamgeukia Masele, na sauti yake ilikuwa ya kulalamika kama ya mtu mwenye shida kubwa.

"Hawa wa kwako wananisumbua. Hawakai. Nitunzie."

Masele alishusha pumzi. "Nitajitahidi," alisema. "Ingawa ni kazi."

*

Mwalimu Cornel aliinua mizania ya Jilala mbele ya dirisha, akalitazama darasa kupitia lile tundu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Ng'ombe, Mwalimu."

"Wangapi?"

"Siwezi kusema."

"Umewasahau?"

"Nawajua mmoja mmoja kwa rangi zao. Lakini siwezi kusema." Akaeleza sababu. Darasa lilikuwa limeanza kucheka, likaacha, maana wengi wao walikuwa wametoka kwenye maboma kama lile.

Mwalimu Cornel aliinamisha kichwa. "Nakuelewa," alisema mwishowe. "Na bado siwezi kukupa alama. Ya nyumbani ni ya nyumbani. Ukishakuwa karani wa watu, ukiniletea tundu, nitakupeleka kwa hakimu mimi mwenyewe."

"Sawa, Mwalimu."

Hakubishana. Alipata cheti chake mwisho wa mwaka, chini ya Valerian kwa alama, ambaye alimwambia kwamba suruali moja ya baba yake imeshinda boma zima la Msukuma. Akawa karani wa chama cha pamba karibu na kwao. Alikaa nyuma ya mizani msimu hadi msimu, na hakuna mkulima aliyeondoka bila stakabadhi yake, na hakuna kilo iliyoingia kushoto bila jina la mtu kulia. Wakaguzi walikuja wakaondoka hawana la kuuliza. Watu waliokuja kukaa kwenye viti hivyo baadaye, waliosoma vyuo virefu kuliko ghala lile, walivijaza vitabu vyao matundu ya namna nyingine, na vyama vikafa. Ngitili nazo zimelimwa. Ng'ombe wa leo ana namba sikioni, na anayekutunzia anataka mkataba na mashahidi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwaka ambao Jilala alimwoa Paskazia na kujenga kaya yake, uzio wake wa minyaa ulikuwa bado unamfika mtu magotini na boma halikuwa na kitu. Asubuhi moja, kabla hajaenda chamani, alisikia mtu anakohoa nje. Shilinde alikuwa amesimama langoni, amekwisha kuzeeka sana, anaegemea mtamba mweupe mwenye masikio meusi.

"Jilala," alisema, "huyu ananisumbua. Anakula kuliko wenzake. Nitunzie."

Mkono wa Jilala ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ilikokaa penseli, kama unavyokwenda mkono wa karani kila kitu kinapoingia. Ulifika pale ukagusa kifungo. Kisha ukashuka ukaondoa miti ya lango, mti mmoja baada ya mwingine.

"Nitajitahidi, baba," alisema. "Ingawa ni kazi. Umekula?"

"Sijala," Shilinde alijibu, akaingia.